Kulima na kuuza matunda yasiyozoeleka: shokishoki, stafeli, fenesi na pitaya

Maswali ya wanaoanza hufanana sana. Mti gani unalipa? Mbegu zinapatikana wapi? Mbona mti wangu unachanua kila mwaka lakini hauzai? Halafu linakuja la mwisho, matunda yakiwa yameshajaa kreti: nani atayanunua?

Hilo la mwisho ndilo linalopaswa kutangulia. Mwenye ndizi au nanasi huingia sokoni akamkuta mnunuzi anayejua anachokitaka. Mwenye shokishoki au pitaya (wengine huiita tunda la dragoni) humkuta mtu anayeligeuzageuza tunda mkononi, anauliza linaliwaje, kisha analirudisha mahali pake. Na muda wote huo tunda linanyauka.

Kwa hiyo nakuomba ushike jambo moja kabla ya mengine yote: chagua tunda kwa idadi ya siku linazoweza kukaa baada ya kuchumwa, usilichague kwa bei uliyoisikia. Nimechukua matunda manne yenye tabia zinazotofautiana. Ukiyaelewa haya, topetope utaliweka karibu na stafeli, nayo mangostini utajua uiulize maswali gani.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Wanunuzi wawili au watatu uliozungumza nao ana kwa ana na wakakutajia kiasi wanachoweza kuchukua kwa wiki.
- Ardhi isiyotuamisha maji.
- Maji ya uhakika wakati wa kiangazi, hasa miaka miwili ya mwanzo.
- Miche iliyobebeshwa (yaani kitawi cha mti unaozaa kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine), au vipande vya pitaya kutoka kwenye mmea ambao tunda lake umelionja mwenyewe.
- Samadi iliyooza vizuri au mboji, na nyasi kavu za matandazo.
- Mkasi wa kupogolea, kisu kikali, spiriti ya kusafishia vyuma, brashi laini, mifuko ya kuvalishia matunda, na kreti ngumu zenye matundu.
- Daftari la kuandikia tarehe za maua na mavuno.
- Kipato kingine cha kukuvusha miaka mitatu hadi mitano. Pitaya peke yake ndiyo inayoweza kukupa tunda mapema kuliko hapo.

Hatua ya 1: Hesabu siku kati ya mti na mlaji

Shokishoki haliendelei kuiva likishachumwa. Utamu uliokuwa nao mtini ndio utakaokuwa nao sokoni. Tatizo lake ni zile nywele: hupoteza maji haraka, na katika joto la kawaida huanza kunyauka na kugeuka kahawia ndani ya siku mbili tatu. Nyama ya ndani bado ni nzuri kabisa, lakini mnunuzi hununua kwa macho. Likiwekwa penye nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi, ndani ya mfuko wenye vitundu vidogo ili unyevu usitoroke, linaweza kufika wiki mbili hivi.

Stafeli ni kinyume chake. Huchumwa likiwa gumu, hulainika ndani ya siku 3 hadi 7, na likishalainika una siku moja au mbili tu. Ngozi yake ni nyembamba. Kila mtikisiko wa barabarani utaonekana kesho yake kama doa jeusi. Ila nyama yake ikigandishwa hudumu miezi, na hapo ndipo penye biashara.

Fenesi lina milango miwili. Likiwa changa huuzwa kama mboga, na kwa sababu linapikwa, doa la ngozini si hoja kubwa. Likiiva hukaa siku chache likiwa zima, na uzito wake (kilo 10 hadi 20 ni jambo la kawaida) humkatisha tamaa mnunuzi mwenye familia ndogo.

Pitaya nayo haiendelei kuiva baada ya kuchumwa, lakini ina subira kidogo. Hukaa siku kadhaa katika joto la kawaida, na hufika wiki mbili au zaidi kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hivi.

Sasa chukua daftari uandike safari nzima: saa ya kuchuma, kuchambua, kusubiri gari, njiani, ghalani kwa mnunuzi, hadi siku mlaji atakapolikata. Ikizidi siku mbili na huna ubaridi popote njiani, achana na shokishoki. Kama huna friza wala mnunuzi wa juisi aliye karibu, usipande stafeli nyingi. Kama mlaji yuko mbali na barabara ni mbaya, pitaya na fenesi changa ndizo zitakazokuvumilia.

Kosa la kawaida: kuuliza "bei yake ikoje?" bila kuuliza "bei hiyo ni ya wapi, ya msimu gani, na kwa tunda la siku ya ngapi?"

Hatua ya 2: Pima ardhi na hali ya hewa

Shokishoki linataka joto na unyevu mwaka mzima: mvua ya milimita 2,000 hivi iliyosambaa vizuri, au umwagiliaji wa kuifidia, na hustawi zaidi kwenye nyanda za chini, mita zisizozidi 600 hivi kutoka usawa wa bahari. Upepo mkavu na maji ya chumvi huunguza kingo za majani yake. Mstafeli na mfenesi huvumilia zaidi na hupanda hadi kwenye mita 1,000 hivi, ingawa mstafeli unaumizwa na baridi. Pitaya ni jamii ya dungusi (kaktasi), asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Huvumilia ukame, lakini bila maji wakati wa maua hutupa vichanga vyake.

Kipimo cha maji hakihitaji mtaalamu. Chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, liache linywe, kisha lijaze tena. Ukikuta maji kesho yake, hapo si mahali pa miti hii, isipokuwa upande juu ya tuta refu. Mfenesi hasa hufa kwa maji yaliyotuama, na hufa polepole hivi kwamba utatumia miezi ukilaumu wadudu.

Hatua ya 3: Tafuta miche sahihi

Hapa ndipo miaka inapopotea, kwa hiyo usiwe na haraka.

Ukipanda shokishoki kwa mbegu, mti unaweza kukua vizuri, ukachanua maua mengi, usizae hata tunda moja, kwa sababu ni dume. Sehemu kubwa ya miche ya mbegu hutokea hivyo, na huwezi kuitambua ikiwa kitaluni. Utasubiri miaka mitano au sita ndipo maua yakwambie. Mche uliobebeshwa kutoka kwenye mti unaozaa hukuondolea wasiwasi huo na huanza kuzaa mapema zaidi.

Mfenesi hauna dume wala jike, maana maua ya aina zote mbili hukaa kwenye mti mmoja. Lakini watoto wa mbegu hawafanani na mama yao. Fenesi tamu na kavu linaweza kuzaa mti wenye matunda ya majimaji yasiyo na utamu. Kama umeshawaahidi wanunuzi ladha fulani, bebesha.

Mstafeli hukubali mbegu bila shida kubwa na huzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Hata hivyo chukua mbegu kwenye mti wenye matunda makubwa, yasiyo na kambakamba nyingi.

Pitaya hupandwa kwa vipande vya shina. Kata kipande cha sentimita 20 hadi 40 kutoka shina lililokomaa, andika kwa kalamu upande wa chini ni upi, kiache kivulini siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kikauke, ndipo ukipande. Kikipandwa kibichi huoza. Muuzaji ajibu maswali mawili: nyama ya ndani ni nyeupe au nyekundu, na je, aina hiyo hujichavusha yenyewe? Zipo zisizozaa bila chavua (unga wa ua) ya aina nyingine. Kama hajui, nunua aina mbili tofauti.

Na kama moyo wako uko kwenye mangostini, jua kwamba huko mambo yamegeuka: mbegu yake hutoa mti unaofanana na mama bila kuhitaji kubebeshwa, lakini utasubiri miaka minane au zaidi, nao mche mchanga unataka kivuli miaka ya mwanzo.

Tahadhari mbili. Mbegu za shokishoki, mangostini na fenesi hazihifadhiki. Ukizianika kama mahindi zinakufa, hivyo anayekuuzia mbegu kavu za shokishoki kwenye pakiti anakuuzia maganda. Ya pili: usivushe mipaka na vipande vya mimea kwa kificho. Kijiti kimoja kinaweza kubeba ugonjwa utakaomaliza shamba lako na la jirani.

Hatua ya 4: Panda

1. Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 wiki chache kabla ya mvua. Weka udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine.

2. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, urudishe shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi.

3. Nafasi: mshokishoki na mfenesi mita 8 hadi 10, mstafeli mita 5 hivi. Kwa mita 10 kwa 10, hekta moja huchukua miti 100; kwa mita 5 kwa 5, miti 400. Usibane kwa sababu miche ni midogo leo.

4. Panda jioni au siku ya mawingu. Sehemu ulipobebeshwa mche ibaki juu ya udongo, kamwe isifukiwe.

5. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, lakini acha kiganja kizima kati ya nyasi na shina. Nyasi zilizogusa shina huleta uozo na mchwa.

Pitaya ina utaratibu wake. Simika nguzo ya zege au mti mgumu yenye kimo cha mita 1.7 hadi 2 juu ya ardhi, na juu yake funga tairi kuukuu au fremu ya mviringo. Nguzo zikiachana mita 3 kwa 3 unapata 1,111 kwa hekta. Panda vipande vitatu au vinne kuizunguka kila moja, juujuu tu, sentimita chache, maana mizizi yake haiendi chini. Funga kila shina kwenye nguzo linavyopanda na ukate machipukizi ya pembeni mpaka lifike juu. Hapo likate ncha ili litoe matawi yatakayoning'inia kupita tairi. Matawi yanayoning'inia ndiyo yanayozaa.

Nguzo ni gharama kubwa kuliko miche. Usitumie fito laini kwa kubana matumizi. Mpitaya uliokomaa ni mzito na huishi miaka mingi. Nguzo ikianguka inavunja kila kitu kilichoishikilia.

Anza na michache. Nguzo 20, au mistafeli 10, zinatosha kukufundisha soko lako kabla hujafunga hekta nzima.

Hatua ya 5: Miaka ya kusubiri

Katikati ya miti mikubwa panda mazao mafupi: kunde, mboga, mipapai. Yatakulipa na yatazuia magugu. Usiyasogeze karibu na mashina.

Mwagilia taratibu lakini kwa kina, badala ya kunyunyiza kila siku juujuu. Kata vichipukizi vyote vinavyotoka chini ya kiungo cha mche uliobebeshwa, maana hivyo ni vya mti wa chini, na ukiviacha vinaumeza ulioununua. Pogolea mshokishoki na mfenesi ubaki mfupi, mita tatu nne, ili matunda yafikike bila kupanda. Kwenye mfenesi usiondoe matawi manene wala kujeruhi shina, kwa sababu matunda hutokea hapohapo shinani.

Hatua ya 6: Saidia maua yawe matunda

Mstafeli huchanua sana na kuzaa kidogo. Ua lake lina jike na dume ndani yake, lakini kwa zamu: sehemu ya kike hukomaa kwanza, chavua hutoka baadaye, wakati jike ameshapita. Kazi ya kuhamisha chavua kutoka ua hadi ua hufanywa na mbawakavu wadogo, na shamba lililopuliziwa sumu mara kwa mara halina mbawakavu. Ifanye mwenyewe hivi:

1. Chukua maua yaliyofunguka na kuanza kumwaga chavua. Yakung'ute ndani ya bahasha ya karatasi.

2. Asubuhi mapema tafuta maua yaliyofunguka nusu, ambayo katikati pamelowa na kung'aa.

3. Chovya brashi laini kwenye chavua uizungushe katikati ya ua, pande zote. Upande usioguswa hautakua, na ndiyo maana mastafeli mengi yana umbo la kukunjamana.

4. Chagua maua yaliyo karibu na shina na matawi manene. Tunda la kilo mbili kwenye ncha ya kijiti litavunja kijiti.

Pitaya huchanua usiku mmoja tu. Ua hufunguka baada ya jua kutua na kunyauka asubuhi. Toka na taa, chukua chavua ya njano kutoka ua la aina nyingine, paka kwenye stigma, ule mkono uliosimama katikati ukiwa na vidole vingi. Ikishika, sehemu ya chini ya ua hubaki kijani. Isiposhika, hugeuka njano na kudondoka baada ya siku chache. Andika tarehe. Bila tarehe ya ua, mavuno ya pitaya ni kubahatisha.

Mshokishoki unategemea nyuki. Weka mizinga ukiweza, na usipulize dawa yoyote wakati wa maua. Mfenesi ukishika matunda mengi yaliyobanana, punguza, acha moja au mawili kwa kila kundi. Ni bora fenesi nne nzuri kuliko kumi zilizodumaa.

Hatua ya 7: Vuna kwa wakati wake

Shokishoki: subiri rangi ya aina yako ikamilike, iwe nyekundu au njano, kisha onja moja kwa kila mti. Likichumwa mapema litabaki chachu milele. Kata shada zima kwa mkasi, ukiacha kikonyo. Usinyofoe, kwa sababu ngozi ikichanika tunda haliuziki. Vuna alfajiri, weka kivulini mara moja, funika kwa kitambaa chenye unyevu.

Stafeli: kijani kilichokoza hufifia kuwa kijani cha manjano, na miiba yake laini huachana. Likate hapo, likiwa bado gumu, pamoja na kikonyo kifupi. Ukingoja lilainike mtini, popo na ndege watakutangulia, au litaanguka lipasuke. Panga safu moja tu kwenye kreti, juu ya nyasi au karatasi. Usiliweke gumu kwenye friji: chini ya nyuzi 13 hivi ngozi hugeuka nyeusi na tunda halilainiki vizuri.

Fenesi: ligonge kwa kidole. Changa hutoa mlio mzito, lililokomaa hutoa mlio wa kitu chenye uwazi. Miiba hulala na kuachana, jani lililo karibu na kikonyo hugeuka njano, harufu huanza. Paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kukata, kwani ulimbo wake hautoki kwa maji wala sabuni. Shusha kwa kamba au gunia. Likianguka linaoza kuanzia ndani.

Pitaya: kwa kawaida siku 28 hadi 35 tangu ua lifunguke, siku chache baada ya ngozi kubadilika rangi. Siku mbili tatu za kusubiri rangi ikolee huongeza utamu sana. Zikizidi, ngozi hupasuka. Kata kwa mkasi pamoja na kipande kidogo cha shina.

Hatua ya 8: Uza

Tunda lisilojulikana huuzwa kwa kuonjwa. Kila siku ya soko tenga matunda machache ya kukata, na usiyahesabu kama hasara. Kata shokishoki mbele ya mteja, umwonyeshe jinsi ganda linavyofunguka na kwamba kokwa haliliwi. Pitaya ikatwe katikati, rangi ya ndani ionekane. Andika kwenye kikaratasi mistari mitatu: linaitwaje, linaliwaje, litunzwe wapi na kwa siku ngapi.

Waanzie wanaolijua tayari. Fenesi ni tunda la taifa la Bangladesh, na huko kusini mwa India jimbo la Kerala lililitangaza kuwa tunda lake rasmi mwaka 2018; watu wenye asili ya maeneo hayo, popote walipo, hawahitaji kufundishwa. Shokishoki, mangostini na doriani wanazijua watu wa Malaysia, Indonesia, Thailand na Ufilipino. Baada ya hao nenda kwa wapishi wa hoteli na wauza juisi, ambao hununua kwa kiasi kinachotabirika.

Punguza kizuizi cha mnunuzi. Fenesi zima halimvutii mtu anayeishi peke yake. Litoe nyama, iweke kwenye vyombo vidogo, iuze siku hiyohiyo ikiwa baridi. Sehemu inayoliwa ni kama theluthi tu ya uzito, hivyo bei ya kilo ya nyama isipangwe kwa bei ya tunda zima. Kokwa zake pia huchemshwa au kuchomwa zikaliwa, ziuze.

Kwa stafeli, friza ndiyo duka lako. Menya likiwa laini, toa mbegu zote kwa mkono kabla ya kutumia blenda, kwa sababu mbegu zina sumu na hazipaswi kusagwa. Pakia kwenye mifuko bapa ili igande upesi, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, andika tarehe.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko mengine hapa: usiuze stafeli kama dawa ya saratani. Madai hayo yamezagaa, na hayana ushahidi wa kutosha kwa wagonjwa. Kinyume chake, watafiti katika kisiwa cha Guadeloupe walihusisha ulaji mwingi wa matunda na chai ya majani ya jamii hii na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili). Mtu anaweza kuacha tiba yake kwa maneno yako ya sokoni. Uza utamu na harufu, vinatosha. Vivyo hivyo ukiuza karambola (tunda lenye umbo la nyota likikatwa), mwambie kila mteja kwamba mwenye ugonjwa wa figo asile. Lina sumu ambayo figo dhaifu hazimudu kuitoa, nayo huweza kuleta kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa na hata kifo.

Ukiota soko la nje, uliza mapema. Nzi wa matunda wanaweza kuzuia mzigo mzima mpakani, na utahitaji cheti cha afya ya mimea. Umoja wa Ulaya hukihesabu kuwa chakula kipya chochote ambacho hakikuliwa kwa kiasi kikubwa ndani yake kabla ya Mei 15, 1997, hata kama kwingineko kimeliwa karne na karne. Ubuyu ulisubiri mpaka mwaka 2008 kuruhusiwa huko.

Bei: jumlisha kuchuma, kreti, usafiri, yaliyoonjwa na yaliyoharibika, ndipo upange. Chambua madaraja mawili na usichanganye. Tunda moja baya ndani ya kreti humpa mnunuzi asiyelijua sababu ya kutorudi.

Mambo yakienda kombo

Vifenesi vidogo vinageuka vyeusi na kudondoka. Mara nyingi hayo ni maua ya kiume yaliyomaliza kazi. Ni kawaida. Maua ya kike hukaa kwenye vikonyo vinene zaidi, shinani na kwenye matawi makubwa. Kama na haya nayo yanaoza, ondoa matunda yanayogusana na uruhusu hewa ipite.

Mshokishoki unachanua bila kuzaa. Kama ulitoka kwenye mbegu, huenda ni dume. Usiukate: bebesha matawi yake kutoka kwenye mti unaozaa, acha tawi moja la kiume kwa ajili ya chavua. Kama ni wa kubebeshwa, angalia kama nyuki wapo.

Stafeli zinakuwa nyeusi, ngumu na kukaukia mtini. Ni ugonjwa wa chule (aina ya ukungu) au wadudu watoboaji. Chuma zote, fukia mbali, pogolea ili jua liingie, na msimu ujao valisha matunda mifuko yakiwa na ukubwa wa yai.

Wadudu weupe kama unga wamejaa pamoja na sisimizi. Sisimizi ndio wanaowalinda. Zuia sisimizi kupanda shina, kisha osha wadudu kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni.

Shina la pitaya limekuwa njano. Likiwa gumu, na njano iko upande wa jua, limeungua. Weka kivuli chepesi. Likiwa laini na lenye majimaji, linaoza: kata mpaka ufikie sehemu safi, futa kisu kwa spiriti kila mkato, choma ulichokata, na punguza maji.

Pitaya ina umri wa miaka miwili na haijachanua. Tazama kama matawi bado yanapanda juu badala ya kuning'inia, kama yamefunikwa na kivuli, au kama unaipa mbolea nyingi yenye naitrojeni. Pia maua yake hufuata urefu wa mchana. Katika miezi ya mchana mfupi hutulia, ndiyo maana wakulima wa Vietnam huwasha taa mashambani usiku ili wavune nje ya msimu.

Wateja wanaonja, wanasifu, hawanunui. Punguza kipimo. Mtu anayeogopa kununua kilo atanunua matunda manne kwenye mfuko. Kama hata hivyo hawanunui, peleka mzigo kwa mwuza juisi na usiongeze miti mpaka uwe na mnunuzi anayekupigia simu yeye kwanza.